Kutoka Keya hadi KDF: Jinsi majeshi matatu ya Kenya yalivyozaliwa

Na MWANDISHI WETU

MAELFU ya watu hupita kila siku karibu na sanamu tatu za shaba katika barabara ya Kenyatta, katikati ya jiji la Nairobi, bila kuzitupia jicho. Mmoja wa watu hao watatu ni askari wa Keya, wa pili ni askari Mwarabu, na wa tatu ni mpagazi. Chini yao yamechongwa maneno ya ukumbusho kwa lugha tatu: Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili.

Waingereza walizisimamisha katika miaka ya 1920 kuwakumbuka wenyeji waliopigana na kufa katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Kwa anayetaka kujua asili ya majeshi ya Kenya, hapo ndipo mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa askari yule wa Keya ndiye babu wa mwanajeshi wa leo.

Kifungu cha 241 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, yaani KDF, ni matatu: Jeshi la Nchi Kavu, Jeshi la Wanahewa na Jeshi la Wanamaji. Mwananchi anayeyatazama yakipiga gwaride Siku ya Jamhuri huenda akadhani ni ndugu watatu waliozaliwa pamoja. Sivyo. La kwanza liliundwa na mkoloni ili kuwatiisha wenyeji. Mawili yaliyosalia yalianzishwa mwaka 1964, mwaka ambao serikali changa ilitishwa na askari wake yenyewe. Na moja kati ya hayo mawili liliwahi kuvunjwa likapoteza hata jina lake.

Hadithi ya majeshi haya, kwa hivyo, si ya maadui wa nje pekee. Kwa kiasi kikubwa ni hadithi ya jinsi watawala walivyojaribu kumpa mwananchi bunduki bila kuiogopa.

ASKARI WA KAMPUNI

Mwishoni mwa karne ya 19, eneo ambalo sasa ni Kenya lilikuwa mikononi mwa kampuni ya kibiashara ya Waingereza, Imperial British East Africa Company, iliyopata kibali cha kifalme mwaka 1888. Kampuni hiyo ilikuwa na askari wake wa kulinda misafara na vituo. Ilipofilisika na serikali ya Uingereza kulichukua eneo hilo mwaka 1895, askari hao ndio waliokuwa msingi wa kikosi kipya kilichoitwa East Africa Rifles, ambacho makao yake yalikuwa Mombasa. Ndani yake mlikuwa na Waswahili, Wasudani na Wapunjabi kutoka India.

Kazi yao ya kwanza haikuwa kulinda mpaka wowote. Mwaka huo huo Mbaruk bin Rashid wa Gazi aliongoza vita vya Wamazrui dhidi ya Waingereza katika Pwani, na vilizimwa mwaka 1896 kwa msaada wa wanajeshi walioletwa kutoka India.

Tarehe 1 Januari 1902, vikosi vya Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo) na Somalia ya Waingereza viliunganishwa kuwa jeshi moja, King's African Rifles. Herufi za mwanzo za jina hilo, KAR, ndizo zilizogeuka katika vinywa vya Waswahili zikawa “Keya”. Bataliani ya tatu, 3 KAR, ilikuwa ya Kenya.

Wazee wa Nandi hawana haja ya kitabu kueleza kazi ya bataliani hiyo. Afisa wake, Richard Meinertzhagen, ndiye aliyemuua kiongozi wao Koitalel arap Samoei mnamo Oktoba 1905 katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Mwaka 1914 ikawa zamu ya Wagiriama, ambao Mekatilili wa Menza alikuwa amewahamasisha wakatae kutoa kodi na vijana wa kazi. Keya walipelekwa huko pia.

Ndipo vikaja vita vya dunia. Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck aliwazungusha Waingereza kutoka Taveta hadi Msumbiji na kurudi, na hakusalimu amri mpaka tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Waingereza, ambao mwanzoni waliwategemea wanajeshi kutoka India na Afrika Kusini, walitambua kwamba malaria na mbung'o viliwamaliza wageni upesi. Keya ikapanuliwa kutoka bataliani tatu hadi 22.

Nyuma ya kila askari walitembea wapagazi. Makumi ya maelfu yao walifariki, wengi wao kwa njaa na maradhi wala si kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na jina hilo limebaki hadi leo katika mtaa wa Kariokor jijini Nairobi na soko la Kariakoo la Dar es Salaam. Wengi wanaonunua viondo Kariokor hawajui kwamba wanatamka jina la kikosi cha jeshi.

Vita vya pili viliwapeleka Keya mbali zaidi: Ethiopia, Madagaska mwaka 1942, kisha misitu ya Burma mwaka 1944. Ni vita hivyo vilivyosababisha gazeti la Kiswahili la Baraza lianzishwe Nairobi mwaka 1939, ili wenyeji wapate habari za vita kwa namna serikali ilivyotaka wazipate. Kiswahili chenyewe ndicho kilichokuwa lugha ya kambini. Mkamba, Mkalenjin, Msomali na Myao walipewa amri kwa Kiswahili cha mkato ambacho wasomi walikicheka wakakiita Kikeya, lakini kilichoeleweka kila mahali.

Waliorudi Burma hawakuwa watu wale wale walioondoka. Waruhiu Itote, koplo wa zamani wa Keya, aliingia msituni katika Mlima Kenya akawa Jenerali China wa Mau Mau. Waliowasaka Mau Mau pamoja na wanajeshi wa Uingereza walikuwa ni bataliani za Keya ile ile.

USIKU WA LANET

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, Kenya ilipojinyakulia uhuru, bataliani tatu za Keya zilibadilishwa jina. 3 KAR ikawa 3 Kenya Rifles, 5 KAR ikawa 5 Kenya Rifles, na 11 KAR ikawa 11 Kenya Rifles. Bendera ilikuwa mpya, lakini maafisa wengi wa vyeo vya juu walikuwa Waingereza wale wale, na mshahara ulikuwa ule ule. Waafrika wa kwanza kuwa maafisa kamili walikuwa wamepata vyeo hivyo kuanzia 1961 tu. Kabla ya hapo mwisho wa ngazi yao ulikuwa cheo cha efendi.

Wiki sita hazikuwa zimetimia. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yalitokea Zanzibar. Tarehe 20 askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito jijini Dar es Salaam wakawafukuza maafisa wa Kiingereza. Tarehe 23 wenzao wa Jinja, Uganda, wakafanya vivyo hivyo. Usiku wa tarehe 24 zamu ikafika Lanet, karibu na Nakuru, katika kambi ya 11 Kenya Rifles. Askari walikuwa wametarajia serikali itangaze nyongeza ya mishahara. Tangazo halikuja, nao wakaivunja ghala ya silaha.

Waziri Mkuu Jomo Kenyatta alilazimika kuwaomba wanajeshi wa Uingereza, ambao bado walikuwa nchini, wauzime uasi huo. Askari mmoja wa Kenya aliuawa. Hebu fikiria aibu ya serikali iliyojitawala kwa majuma sita tu ikiwaita wakoloni wa jana waje kuwanyang'anya silaha askari wake.

Nchi hizi tatu zilijifunza mambo tofauti. Julius Nyerere alilivunja jeshi zima la Tanganyika na kuanza upya, na Jeshi la Wananchi likaundwa Septemba 1964. Uganda iliwaongezea askari mishahara, na baada ya miaka saba mmoja wa askari wa zamani wa Keya, Idi Amin, akaichukua nchi. Kenya ilichukua njia ya tatu. Waasi walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na 11 Kenya Rifles ikafutwa, mahali pake pakachukuliwa na 1 Kenya Rifles. 3 KR na 5 KR bado zinabeba nambari za Keya hadi leo.

Serikali pia ilikimbilia mkataba. Mnamo Juni 1964 Kenya na Uingereza zilielewana kwamba Waingereza wangeondoka nchini kufikia mwisho wa mwaka, lakini wangeendelea kulifunza jeshi na kuisaidia Kenya kuunda majeshi mengine mawili. Nao wangeruhusiwa kufanya mazoezi nchini na kuitumia bandari ya Mombasa. Wakati huo vita vya shifta vilikuwa vimepamba moto katika eneo la kaskazini mashariki, ambako hali ya hatari ilikuwa imetangazwa mwishoni mwa Desemba 1963. Bataliani chache za miguu hazingeweza kulilinda eneo kubwa hivyo lisilo na barabara.

NDEGE NA MERI

Jeshi la Wanahewa lilizinduliwa tarehe 1 Juni 1964 katika uwanja wa Eastleigh ulioachwa na jeshi la wanahewa la Uingereza. Lilianza na ndege ndogo za mafunzo za Chipmunk, zikafuatwa na Beaver na Caribou za kubebea watu na mizigo. Wakufunzi walikuwa Waingereza, na hadi mwaka 1973 hata kamanda alikuwa Mwingereza. Kanali Dedan Gichuru ndiye Mkenya wa kwanza kukikalia kiti hicho.

Jeshi la Wanamaji lilifuata tarehe 15 Desemba 1964, Mzee Kenyatta mwenyewe akilizindua Mombasa. Bahari haikuwa ngeni kwa vijana wa Pwani. Tangu 1933 kulikuwa na kikosi cha akiba cha wanamaji Mombasa, na katika miaka ya 1950 kukawa na Royal East African Navy, iliyogharimiwa kwa pamoja na nchi za Afrika Mashariki. Ilivunjwa mwaka 1962 nchi hizo zilipokaribia kwenda kila moja njia yake.

Anayetaka kusoma siasa za Kenya bila kufungua kitabu cha historia, na asome majina ya meli hizi. Ya kwanza ilikuwa Nyati. Mwaka 1966 zikaja Simba, Chui na Ndovu, nchi ikijivunia wanyama wake. Katikati ya miaka ya 1970 zikanunuliwa Mamba, kisha Madaraka, Jamhuri na Harambee. Mwaka 1987, Rais Daniel arap Moi akiwa mamlakani, zikaja Nyayo na Umoja. Miaka ya 1990 ikaleta Shujaa na Shupavu. Ya mwisho katika orodha hiyo, Jasiri, iliagizwa mwaka 2003 ikazama katika utata wa kandarasi zilizohusishwa na sakata ya Anglo Leasing, isifike Mombasa hadi Agosti 2012. Miaka tisa kwa meli moja! Pengine ingefaa kuitwa Subira.

Kamanda wa kwanza Mkenya wa wanamaji, Luteni Kanali J. C. J. Kimaro, aliyeteuliwa mwaka 1972, alitoka jeshi la nchi kavu. Hilo si ajabu. Kwa miaka mingi jeshi la nchi kavu lilikuwa kaka mkubwa, na wawili hawa wadogo walikula alichobakisha. Mkuu wa kwanza Mwafrika wa jeshi hilo, Joseph Ndolo, alipanda hadi kuwa Mkuu wa Majeshi mwaka 1969. Alijiuzulu Juni 1971 baada ya jina lake kutajwa katika kesi ya njama ya kuipindua serikali, ingawa yeye mwenyewe hakushtakiwa. Kenyatta aliacha kiti chake kikae wazi. Hakikukaliwa hadi mwaka 1978, Moi alipompandisha Jackson Mulinge.

JUMAPILI YA AGOSTI 1982

Kufikia wakati huo Jeshi la Wanahewa lilikuwa limeanza kunawiri. Amin alikuwa amedai sehemu ya magharibi mwa Kenya mwaka 1976, Somalia na Ethiopia zikapigana Ogaden mwaka uliofuata, na Kenya ikanunua ndege za kivita za F-5 kutoka Marekani, zilizoanza kuwasili mwaka 1978. Vijana waliosajiliwa kuzitunza walikuwa na elimu kuliko askari wa kawaida wa miguu. Walisoma magazeti, walijadili siasa, na walilalamikia mishahara na makao yao.

Alfajiri ya Jumapili, Agosti 1, 1982, baadhi yao wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, askari wa cheo cha chini, waliteka kambi za Eastleigh na Embakasi pamoja na kituo cha redio cha Sauti ya Kenya. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ambaye sauti yake ilifahamika katika kila nyumba, alitolewa kwake kwa mtutu wa bunduki akalazimishwa kuwatangazia wananchi kwamba serikali imepinduliwa. Huko Nanyuki marubani walishurutishwa kupaa na F-5 kwenda kushambulia Nairobi. Kwa mujibu wa simulizi za waliokuwapo, mabomu hayo yaliishia katika msitu wa Mlima Kenya.

Sehemu kubwa ya jeshi la nchi kavu ilikuwa katika mazoezi kule Lodwar. Meja Jenerali Mahmoud Mohamed aliwakusanya askari waliokuwa karibu, akakikomboa kituo cha redio, na Mbotela yule yule akatangaza kwamba serikali ya Moi ingali imara. Kabla ya jua kutua jaribio hilo lilikuwa limeshindwa. Ochuka na mwenzake, Pancras Oteyo Okumu, walitorokea Tanzania kwa ndege, baadaye wakarudishwa. Walinyongwa mwaka 1987.

Lililofuata halikuwa kuadhibu kikosi kimoja kama Lanet. Karibu Jeshi la Wanahewa lote lilikamatwa, waliokuwa katika njama na waliokuwa usingizini. Kamanda wake, Meja Jenerali Peter Kariuki, alifungwa kwa kosa la kutouzuia uasi. Jeshi lenyewe lilivunjwa, na lililoanzishwa mahali pake likaitwa 82 Air Force, chini ya Mahmoud Mohamed na usimamizi mkali wa jeshi la nchi kavu. Kwa miaka 12 kijana aliyejiunga nalo alivaa jina la mwaka wa aibu, hata kama mwaka huo yeye alikuwa shule ya msingi. Jina la Kenya Air Force halikurudishwa hadi 1994.

KITI KINACHOZUNGUKA

Mabadiliko ambayo hayajazungumzwa sana yalikuja baada ya hapo. Mahmoud Mohamed aliongoza majeshi yote kwa miaka kumi, 1986 hadi 1996. Aliyemrithi, Jenerali Daudi Tonje, alitunga kanuni zinazojulikana hadi leo kwa jina lake: kila cheo na umri wake wa kustaafu, na mkuu wa majeshi na muhula wake. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuzitii, akaondoka mwaka 2000.

Tangu hapo kiti hicho kimezunguka. Baada ya Tonje wa nchi kavu alikuja Joseph Kibwana wa wanamaji, kisha Jeremiah Kianga wa nchi kavu mwaka 2005, na Julius Karangi mwaka 2011, mwanahewa wa kwanza kuyaongoza majeshi yote. Akafuata Samson Mwathethe wa wanamaji mwaka 2015, Robert Kibochi wa nchi kavu mwaka 2020, na Francis Ogolla wa wanahewa mwaka 2023. Hakuna sheria inayolazimisha zamu hiyo, lakini imefuatwa kwa uaminifu kuliko ahadi nyingi za wanasiasa wetu.

Ogolla alijiunga na jeshi mwaka 1984, wakati wanahewa wangali wakiitwa 82. Alifunzwa kurusha zile zile F-5. Tarehe 18 Aprili 2024 helikopta aliyokuwa akisafiria ilianguka huko Sindar, Elgeyo Marakwet, akafa pamoja na wanajeshi wengine tisa. Mwezi uliofuata Rais William Ruto alimteua Charles Kahariri, mwanamaji, kuchukua nafasi yake. Siku hizo hizo Meja Jenerali Fatuma Ahmed aliteuliwa kuwa kamanda wa Jeshi la Wanahewa, mwanamke wa kwanza kuongoza mojawapo ya majeshi haya. Alipojiunga mwaka 1983, wanawake walikuwa na kikosi chao cha pekee, kilichovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na wao kusambazwa katika majeshi yote matatu.

Matatu hayo yalikuja kupigana pamoja katika vita kamili kwa mara ya kwanza Oktoba 2011, yalipovuka mpaka kuwaandama Al-Shabaab nchini Somalia katika operesheni ya Linda Nchi. Mwishoni mwa Septemba 2012 wanamaji waliwashusha askari wa miguu ufukweni Kismayu usiku huku wanahewa wakiwalinda kutoka angani. Ilikuwa siku ya fahari kwa meli zilizozoea kuwafukuza wavuvi haramu, kazi ambayo tangu Novemba 2018 imekabidhiwa walinzi wa pwani walio chini ya wizara nyingine. Lakini tarehe 15 Januari 2016 kambi ya El Adde ilivamiwa, na serikali ikakataa kutangaza ni askari wangapi walikufa. Familia zilihesabu majeneza zenyewe.

Chuo cha maafisa wa kijeshi, ambako makurutu wa nchi kavu, wanahewa na wanamaji hufunzwa pamoja kabla ya kutawanywa katika majeshi yao, kiko Lanet. Rais ndiye hufika huko kulikagua gwaride la kufuzu na kuwapa vyeo.